Barabara ya Kijiji Ni ya Nani?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia kutoka Tetu, Othaya, Mukurwe-ini, Mathira na Kieni. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kufika viyasome pamoja katika mikutano yao.



Tunawashukuru kwa kufika, hasa ninyi ambao matatu iliwaacha njiani mkamalizia kwa miguu. Tumeona viatu vilivyopangwa pale nje mlangoni, na tope lililo juu yake limeshaanza kutufanyia mazungumzo.

Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo ya kuzungushana. Mmetuomba tuzungumze juu ya barabara. Na mko sawa. Karibu kila kikundi tunachokitembelea, tukiuliza shida kubwa ni ipi, jibu huwa ni barabara. Halafu tukiuliza, "Sasa mmefanya nini?" tunapata majibu mawili. Wengine wanasema, "Tunangoja Serikali." Wengine wanasema, "Tumechoka kungoja, tumechukua majembe."

Sisi tunaona kwamba wote wawili wanapata hasara. Anayengoja anapoteza mavuno kila msimu wa mvua. Anayechukua jembe peke yake anafanya kwa jasho kazi ambayo ameshailipia kwa pesa, na mara nyingi mvua ya kwanza inaifuta. Ipo njia nyingine, nayo ina mambo matatu: kujua maji yanavyoharibu barabara, kujua barabara ni ya nani, na kujua wakati wa kuuliza. Tukiyashika hayo matatu, jembe letu litakuwa na nguvu na barua yetu pia itakuwa na nguvu.

KILOMITA YA KWANZA NDIYO GHALI

Tuanze na barabara kubwa. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na mwaka 1930 ikafika Nanyuki ikipitia Karatina na Kiganjo. Baada ya miaka mingi ya kulala, reli hiyo ilifufuliwa na treni ya abiria ikarudi Nanyuki mwaka 2020. Barabara kuu ya Thika, ile pana, ilifunguliwa mwaka 2012. Na katika miaka hii ya 2020 Serikali imekuwa ikipanua barabara kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, kilomita 84 hivi. Hayo yote ni mambo mema. Hakuna mtu wa Nyeri atakayelalamika akifika Nairobi mapema.

Lakini kabichi haioti kando ya lami. Viazi vya Kieni, chai ya Othaya na Tetu, kahawa ya Mukurwe-ini na mboga zinazouzwa soko la Karatina, vyote huanza safari kwenye kijia cha udongo. Serikali ilipohesabu barabara zote za Kenya mwaka 2009, ilipata zaidi ya kilomita 160,000. Zilizokuwa na lami hazikufika moja kwa kumi. Kwa hivyo sisi wa udongo si wachache. Sisi ndio wengi.

Na ile kilomita ya kwanza kutoka shambani hadi lami ndiyo inayokula pesa. Gunia linabebwa kwa mgongo, kwa punda au kwa boda boda. Mvua ikinyesha, nauli inapanda. Dalali naye akiona tope anashusha bei kabla hata hajaishika kabichi, kwa sababu anajua huna pa kuipeleka.

Chai ni hivyo hivyo. Majani yaliyochumwa leo yanatakiwa yafike kiwandani leo. Lori likikwama, majani yanapata joto ndani ya magunia, yanageuka rangi, na karani anayakataa. Kahawa mbivu nayo inatakiwa isagwe siku ile ile iliyochumwa. Maziwa ya jioni hayangoji mtu. Kwa hivyo, akina mama, tope la barabarani linaingia mpaka kwenye hesabu ya bonasi, na kutoka hapo linaingia kwenye karo ya shule.

Kuna na mzigo usio na bei. Tumewahi kumwona mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa akibebwa juu ya blanketi lililofungwa kwa miti miwili, vijana wanne wakipokezana kupanda mlima, kwa sababu dereva alikataa kushuka. Yule mama alifika hospitalini salama. Lakini ninyi mnajua, na sisi tunajua, kwamba si wote wanaofika.

KUMBUKUMBU YA JEMBE

Kabla ya kuzungumza juu ya kuchimba, kuna jambo tusilirukie. Tukisema kwenye mkutano, "Njooni tutengeneze barabara pamoja," baadhi ya wazee wetu, hasa akina mama, hunyamaza. Wana sababu.

Wakati wa ukoloni, barabara nyingi za huku zilichimbwa kwa kazi ya lazima. Mwaka 1947 na 1948 akina mama wa Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall, walikataa kuchimba matuta kwa kulazimishwa. Ilipofika Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952, watu walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na akina mama wakachimba barabara na lile handaki refu kando ya msitu wa Mlima Kenya, huku wakisimamiwa kwa bunduki. Mama aliyesikia habari hizo kutoka kwa mama yake, au aliyeziona mwenyewe akiwa mtoto, hawezi kufurahi akiitwa tu achimbe bila kuulizwa.

Lakini tunayo pia kumbukumbu nyingine, ya ngwatio. Katika ngwatio kila mtu anajua leo tunalima kwa nani, kesho tunalima kwa nani, na hakuna anayelima siku zote bila zamu yake kufika. Watu hukubaliana kwanza, ndipo wanainua jembe. Kazi yo yote ya barabara katika kikundi ifanane na ngwatio. Ikifanana na ile nyingine, hata kama anayeiitisha ni chifu mwema au ni sisi watu wa kanisa, mna haki ya kuuliza maswali.

Ipo kumbukumbu ya tatu, na vijana wengi hawaijui. Mwaka 1974 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa barabara za mashambani ambao ulijulikana hata nje ya nchi. Badala ya kuleta tingatinga, iliajiri watu wa pale pale barabara inapopita, ikawapa majembe, sururu, makarai na wilbaro, na ikawalipa mshahara. Kwa miaka kama 12 zilijengwa zaidi ya kilomita 7,000 kwa njia hiyo. Baadaye chuo cha Kisii kikawa kinafundisha kazi hiyo, na mainjinia kutoka nchi nyingine za Afrika wakaja kujifunza Kenya.

Jambo zuri zaidi katika mpango ule lilikuja baada ya barabara kwisha. Mtu mmoja anayekaa karibu alipewa kipande chake, kama kilomita moja na nusu au mbili. Alifanya kazi siku chache kwa wiki, akifyeka nyasi, akizibua mifereji na kuziba mashimo madogo, naye akalipwa kwa kazi hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mahali malipo ya mtu huyo yalipokatika, mifereji iliziba, na baada ya mvua chache barabara ikarudi kuwa kijia.

Tunataka vijana wajue hivyo kwa sababu siku hizi mtu akiona greda ndipo anasema barabara imetengenezwa. Greda ni kazi ya siku moja. Mifereji ni kazi ya mwaka mzima.

ADUI NI MAJI

Hebu tujiulize. Barabara yetu inapitiwa na magari mangapi kwa siku? Matatu mbili, lori la majani, pikapu ya maziwa na boda boda. Hayo hayawezi kuimaliza barabara. Angalieni kiangazi cha Januari: magari ni yale yale na barabara inapitika. Ikifika Aprili inakufa. Kinachobadilika ni maji. Mvua za Machi hadi Mei mwaka 2024 zilitufundisha sote, maana zilivunja barabara na madaraja sehemu nyingi za Kenya.

Nchi yetu ni ya miinuko na mabonde. Barabara zinafuata migongo ya milima au zinakata kushuka mtoni, Gura, Chania, Ragati na mingine. Udongo ni mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni. Maji yakipata njia katikati ya barabara hayatoki tena. Yanafuata alama za magurudumu, yanachimba, na mwishowe barabara inakuwa mto na mto unakuwa barabara.

Kwa hivyo barabara nzuri ya udongo au ya muramu ina vitu vitano. Hesabuni kwa vidole.

Kwanza, mgongo. Katikati pawe juu kuliko pembeni, ili maji yateremke haraka kila upande. Kwa barabara yenye upana wa mita 5, katikati painuke sentimita 15 hadi 20 kuliko kingo. Ukisimama ukaona barabara imelala kama sahani, hiyo imeshakufa hata kama ina muramu mpya.

Pili, mifereji ya pembeni, kila upande.

Tatu, mifereji ya kutolea maji. Maji ya pembeni yasiachwe yakimbie kilomita nzima hadi chini, kwa sababu kila mita yanapata nguvu. Yatolewe kidogo kidogo, sehemu nyingi.

Nne, vizuizi mahali penye mteremko mkali. Hivi ni mawe au vijiti vilivyopigwa kukatisha mfereji, katikati pakiwa chini kidogo ili maji yapite juu yake bila kula kingo. Mteremko ukiwa wa kushuka mita 1 kwa kila mita 10, weka kizuizi kila mita 5 au 6. Mteremko ukipungua, viachane zaidi. Mahali tambarare havihitajiki.

Tano, kalvati pale ambapo maji lazima yavuke. Na kalvati isiyozibuliwa ni hatari kuliko kukosa kalvati, maana maji yatapanda juu yake na kuondoka na barabara nzima.

Tumeona pia makosa ambayo watu wenye nia njema hufanya. Wengine huparua mfereji mpaka ubaki udongo mtupu, eti ni usafi. Nyasi fupi ndani ya mfereji zinashika udongo, zifyekeni na msizing'oe. Wengine hujaza shimo lenye maji kwa mawe na mabua ya mahindi. Shimo litolewe maji kwanza, kingo zikatwe wima, kisha lijazwe muramu kidogo kidogo, kila tabaka likishindiliwa, na mwisho libaki juu kidogo kuliko barabara. Na wengine hushangilia greda inayokuja kila mwaka kukwangua bila kuongeza muramu. Inakwangua, inasukuma udongo pembeni, mpaka barabara inakuwa chini kuliko mashamba. Sasa maji yatatoka vipi? Yakipanda mlima?

MAJI YAENDE WAPI?

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia, si ndio? Kila mtu anataka maji yatoke barabarani, lakini hakuna anayetaka yaingie kwake. Mtu anaziba mfereji usiku kwa sababu maji yanakula kahawa yake. Jirani anauzibua asubuhi. Mwishowe wanapelekana kwa chifu.

Kazi yetu kama watu wa maendeleo ya jamii imetufundisha kwamba mifereji mingi haizibwi na udongo, inazibwa na majirani wasiozungumza. Kwa hivyo kabla ya kuchimba, tembeeni barabara yote pamoja na wenye mashamba, siku ya mvua ikiwezekana, mwone maji yenyewe yanataka kwenda wapi. Mwenye shamba akipokea maji kidogo kutoka njia ndogo, yakaingia kwenye ukanda wa majani ya napia au kwenye matuta, hayatamdhuru. Akitupiwa maji ya kilomita nzima, ana haki ya kukataa.

Na kwa ninyi wa Kieni ambao mvua ni chache, maji hayo ni mali. Kule Makueni na Kitui wakulima wamejifunza kuyaelekeza maji ya barabara kwenye matuta na vidimbwi wakayatumia shambani. Maji yanayovunja barabara yanaweza kukuza mahindi.

Jambo lingine ni ardhi ya barabara. Mashamba yetu yalipounganishwa na kupimwa mwishoni mwa miaka ya 1950, barabara zilichorwa kwenye ramani. Leo nyingi zimekuwa nyembamba kwa sababu ua umesogea, napia imesogea, na mistari ya mahindi imesogea. Pia mtu akitengeneza lango lake anajaza mfereji udongo ili pikapu iingie, bila kuweka bomba la maji kupita chini. Lango moja kama hilo linatosha kuharibu barabara ya nyumba ishirini. Kabla ya kuandikia Serikali, kila mmoja aangalie lango lake.

TUMESHALIPA

Sasa tufike kwenye pesa. Mara nyingi tunaambiwa, "Ninyi hamlipi kodi, mnataka barabara." Hiyo si kweli.

Tangu sheria ya mwaka 1993, kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa Kenya ina ushuru wa kutunza barabara. Mwaka 2016 ulifika shilingi 18 kwa lita. Tangu Julai 2024 ni shilingi 25.

Chukueni kalamu. Tuseme kijana wa boda boda anatumia lita 3 kwa siku. Hiyo ni shilingi 75 za barabara kila siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi ni shilingi 1,950. Kituo chenye boda boda 10 kinatoa shilingi 19,500 kwa mwezi, na kwa mwaka shilingi 234,000. Na nani anazilipa? Ni mama aliyepanda na kikapu chake, kwa sababu mafuta yako ndani ya nauli. Hata ambaye hajawahi kumiliki baiskeli analipa.

Kwa hivyo tukienda kuulizia barabara hatuendi kuomba. Tunaulizia pesa zetu. Na ni vizuri kufuata zinakokwenda. Mwaka 2025, kwa mfano, Serikali ilitenga shilingi 7 kati ya zile 25 za kila lita kulipia madeni ya wanakandarasi. Pesa zikiwa zimeshawekwa kwa kazi ya zamani, kazi mpya itakuwa chache. Kikundi kinachojua hivyo hakidanganyiki kirahisi kwa ahadi.

MWENYEWE NI NANI, NA AULIZWE LINI?

Chini ya sheria ya barabara ya mwaka 2007, barabara kuu zinasimamiwa na mamlaka ya KeNHA, za mijini na KURA, na za mashambani na KeRRA. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikasema barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Tangu hapo kumekuwa na mvutano, na mwaka 2024 na 2025 wabunge na magavana walifikishana mahakamani juu ya nani ashike pesa za ushuru huo.

Huku chini tunaona matokeo yake. Mwananchi akienda ofisi ya kaunti anaambiwa, "Hiyo ni ya KeRRA." Akienda kule anaambiwa, "Rudi kaunti." Nauli imekwisha na barabara bado.

Dawa yake ni barua. Andikeni barua moja, fupi, yenye jina la barabara, inaanzia wapi na kuishia wapi, na swali moja: je, barabara hii iko chini ya ofisi gani, na imetengewa pesa ngapi mwaka huu? Nakala ziende ofisi zote kwa siku moja, na nakala moja igongwe muhuri ibaki katika faili ya kikundi. Katiba, kifungu cha 35, inawapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 inataka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Wasipojibu, mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Msiende kwa hasira. Nendeni na faili.

Halafu kuna kalenda. Wengi wetu hulalamika mwezi wa Mei, tope likiwa magotini. Wakati huo pesa zimeshagawanywa. Mwaka wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hivyo barabara itakayotengenezwa mwaka ujao huzungumzwa wakati barabara ya leo ni kavu. Vikao vya maoni ya wananchi vikiitishwa, msiwaachie watu wanne wa kila siku. Nendeni na barua yenu ile ile yenye muhuri.

KAZI YA BURE NA KAZI YA MALIPO

Sasa turudi kwenye jembe. Je, kikundi kichimbe au kisichimbe? Sisi tunapendekeza mtenganishe.

Kazi ya bure ni ile iliyo mbele ya lango lako: kuzibua mfereji wako, kuondoa ua kwenye ardhi ya barabara, kuweka bomba kwenye lango, na kufungua maji usiku wa mvua. Hiyo ni ujirani.

Kazi ya malipo ni kuweka muramu, kujenga kalvati na madaraja, na kufyeka barabara nzima. Hiyo ina pesa zake, na zitolewe. Tena tangu mwaka 2013 kuna utaratibu wa Serikali wa kutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichoandikishwa vizuri, chenye hesabu safi, kinaweza kuomba kazi ya kufyeka na kuzibua barabara yake chenyewe. Kwa nini mtu wa mbali aje alipwe kufyeka nyasi za mlangoni kwako?

Na mkikubaliana kufanya zaidi ya kazi ya lango, andikeni. Daftari la mahudhurio, siku ngapi, watu wangapi. Kikundi kimoja tulichokitembelea kilifanya hivyo. Watu 20 walichimba siku 6 wakapata siku 120 za kazi. Wakaandika kwenye barua: sisi tumetoa siku 120, mifereji iko tayari, tunaomba ninyi mlete kalvati mbili. Ofisi haikuleta mbili, ilileta moja, baada ya kukumbushwa mara tatu. Lakini ile moja iko pale mpaka leo, na lori la majani linapita.

Neno moja kwa wanaume, mtusamehe. Tumehudhuria siku nyingi za kazi ya barabara. Mara nyingi walioshika majembe ni akina mama, na aliyeshika kalamu ya mahudhurio ni mzee aliyekaa kivulini. Halafu kazi ikipata malipo, majina yanayokwenda ofisini ni mengine. Kikundi kiamue mapema: aliyechimba ndiye anayeandikwa, na aliyeandikwa ndiye anayelipwa. Mwekahazina asome orodha mbele ya wote.

MASWALI TULIYOULIZWA

Swali: Je, tunaweza kufunga barabara wakati wa mvua ili malori mazito yasiiharibu?

Jibu: Barabara ya umma haifungwi na kikundi, hilo ni kosa kisheria. Lakini mnaweza kukaa na kiwanda, chama cha ushirika na wenye malori mkubaliane: mzigo upunguzwe siku za mvua, na lori lisubiri saa chache udongo ukauke. Wenye malori nao wanapoteza springi na matairi, watawasikiliza.

Swali: Mwanasiasa akileta greda karibu na uchaguzi, tuikatae?

Jibu: Msiikatae, lakini muulizeni maswali mbele ya watu. Mifereji itachimbwa na nani? Muramu uko wapi? Greda ikikwangua wiki moja kabla ya mvua bila mifereji, imewaachia shida. Na mumkumbushe kwa heshima kwamba mafuta ya greda mlishayalipia.

Swali: Barabara yetu haina gari hata moja, ni kijia na daraja la miti mtoni. Haya yanatuhusu?

Jibu: Yanawahusu sana. Watoto wanaovuka mto kwenda shule ni wasafiri kama mwenye gari. Daraja la miguu liandikwe kwenye barua kama barabara nyingine yo yote, na liombwe katika vikao vile vile vya bajeti.

YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Tumewaachia maswali haya. Msiyajibu haraka. Chukueni mikutano miwili au mitatu.

1. Tembeeni barabara yenu kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji yanaingia wapi, na yanakataa kutoka wapi? Chora ramani kwenye karatasi kubwa.

2. Malango mangapi yamefunga mfereji? Ni la nani kati yetu?

3. Ni jirani gani ambaye hatujazungumza naye juu ya maji? Nani ataenda kumwona, na siku gani?

4. Msimu uliopita tulipoteza nini kwa sababu ya barabara? Hesabuni magunia, lita za maziwa, kilo za majani, na safari za hospitali. Andikeni.

5. Barua yetu itaandikwa na nani, itapelekwa lini, na nani atafuatilia baada ya siku 21?

6. Tukichimba, ni kazi ya lango au ni kazi ya malipo? Nani anaandika majina?

Mkishapata majibu, tuleteeni daftari lenu tukija mwezi ujao. Hatutakuja na greda, hatuna. Tutakuja na viatu vya mvua, na tutatembea barabara yenu pamoja nanyi.